Unyevu wa sakafu na kifua cha mtoto: kazi ya nailoni chini ya nyumba

Mzazi anapompeleka mtoto kliniki kwa sababu ya kikohozi kisichokwisha, huulizwa mambo mengi. Kilianza lini? Anakula vizuri? Kuna mtu nyumbani anayevuta sigara? Ni nadra sana kuulizwa juu ya sakafu. Hata hivyo wakazi wengi wa mijini wanaishi katika nyumba ambazo sakafu zake hunyonya maji kutoka ardhini, hasa kati ya Machi na Mei wakati wa mvua ya masika. Unyevu huo huingia katika kuta, hulowesha magodoro na nguo, na kuzaa kuvu. Mtoto mwenye pumu akilala katika chumba kama hicho, dawa peke yake haitamfikisha mbali.

Kinga ya tatizo hili ni rahisi. Ni karatasi ya nailoni inayotandazwa juu ya ardhi kabla ya zege la sakafu kumwagwa. Kila fundi anaijua, na imo katika ramani nyingi za nyumba. Ajabu ni kwamba ndiyo kazi inayofanywa ovyo kuliko zote, kwa sababu ikishafunikwa hakuna atakayeiona tena.

Nilijifunza hayo kwa gharama. Mwaka wa 2016 nilijenga nyumba ya vyumba viwili vya kulala upande wa mashariki wa Nairobi, kwenye udongo mweusi mzito unaoshika viatu. Asubuhi ya siku ya kumwaga zege nilimkabidhi msimamizi wa mafundi bunda zima la nailoni, kisha nikaenda kazini. Niliporudi jioni sakafu ilikuwa imemwagwa, laini kama meza. Nikalipa, nikashukuru. Mvua kubwa ya masika ya 2018 iliponyesha, rangi ya sebuleni ilianza kubambuka kutoka chini, na binti yangu wa miaka mitatu akaanza kukohoa usiku. Tulikwenda zahanati mara tatu, tukarudi na chupa tatu za dawa ya kikohozi. Mara ya nne tulimpata daktari mmoja mzee aliyeuliza, "Mtoto huyu analala wapi?" Nikamwambia analala na dadake kwenye godoro, chini. Akaniambia, "Ukifika nyumbani, mzee, ligeuze hilo godoro."

Upande wa chini wa godoro ulikuwa umejaa madoa meusi. Tulipochimbua kona moja ya sakafu tulikuta vipande vya nailoni vilivyochanikachanika, na mahali pengine zege lilikuwa limekaa juu ya udongo mtupu. Baadaye jirani alinieleza kwamba siku ile mvua ilinyunya, na mafundi wakaitwaa nailoni kufunikia mifuko ya saruji.

Unyevu unavyodhuru

Maji yaliyo katika ukuta hayamwambukizi mtu ugonjwa. Kinachodhuru ni viumbe vinavyostawi penye unyevu. Kwanza kuna kuvu, ile inayoonekana kama madoa meusi au ya kijani ukutani. Kuvu hutoa chembe ndogo sana zinazoelea hewani, na mtu huzivuta bila kujua. Pili kuna utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya magodoro, mito na mazulia. Utitiri hauhitaji kunywa maji. Hufyonza unyevu wa hewani, na ndiyo maana huzaana sana katika nyumba yenye unyevu na hupungua hewa inapokuwa kavu. Kinyesi chake kikivutwa pamoja na vumbi huamsha pumu, hufanya macho yawashe na pua kutiririka kamasi kila asubuhi.

Mwaka wa 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu kuhusu unyevu na kuvu majumbani. Lilieleza kuwa watu wanaoishi katika nyumba za aina hiyo hupatwa zaidi na kikohozi, kukoroma kwa kifua, pumu na maambukizi ya njia ya hewa. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wenye pumu, na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua.

Asidhani mtu kuwa haya ni mambo madogo. Mwezi wa Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili alifariki katika mji wa Rochdale, Uingereza, na uchunguzi wa mahakama uliomalizika Novemba 2022 ulithibitisha kwamba kifo chake kilitokana na kuishi kwa muda mrefu katika nyumba iliyojaa kuvu. Wazazi wake walikuwa wamelalamika mara kwa mara. Mwaka wa 2023 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria, ambayo watu huiita kwa jina la mtoto huyo, ya kuwalazimisha wanaopangisha nyumba za jamii kushughulikia unyevu na kuvu katika muda uliowekwa. Unyevu wa nyumba ile haukutoka chini ya sakafu, lakini kuvu haiulizi maji yametoka wapi.

Mzazi anapaswa kujua dalili ambazo hazingoji kukicha. Hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Mtoto wa kati ya miezi miwili na mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa kati ya mwaka mmoja na mitano akipumua mara 40 au zaidi, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida na huenda ana homa ya mapafu. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au midomo inageuka rangi, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni saa nane za usiku.

Maji hupandaje?

Tazama utambi wa koroboi. Mafuta yako chini, moto uko juu, na hakuna anayeyasukuma. Hupanda yenyewe kupitia nafasi nyembamba zilizo kati ya nyuzi. Udongo nao ni hivyo hivyo. Kadiri chembe zake zinavyokuwa ndogo ndivyo maji yanavyopanda juu zaidi. Udongo mweusi na mfinyanzi, ambao chembe zake ni ndogo mno, unaweza kupandisha maji zaidi ya mita moja kutoka yalipo. Zege pia lina vijitundu visivyoonekana, na mawe mengi tunayojengea yanafyonza maji. Kwa hiyo sakafu ya zege iliyokaa juu ya udongo ni utambi juu ya utambi.

Ndiyo sababu wajenzi hujaza mawe makubwa katika msingi. Wengi hufikiri mawe hayo ni ya kubeba uzito tu. Kazi yake nyingine ni kukata utambi: nafasi zilizo kati ya mawe ni kubwa mno kwa maji kupanda. Mkandarasi anayejaza udongo uliochimbwa badala ya mawe, ili apunguze gharama za lori, amekuuzia nyumba yenye utambi mzima. Lakini hata mawe yawe mazuri namna gani, mvuke bado hupenya kati yake. Hapo ndipo nailoni inapohitajika.

Kuinunua na kuitandaza

Nailoni inayofaa chini ya sakafu ni ya geji 1000, yaani unene wa robo milimita. Dukani utaonyeshwa pia ya geji 500, ambayo ni nusu ya unene huo na bei yake huvutia. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, hasa zikiwa zimekunjwa. Njia ya uhakika ni kutumia mizani. Mita moja ya mraba ya geji 1000 ina uzito wa karibu gramu 230. Basi ya kutosha mita 100 za mraba iwe takriban kilo 23. Ukipewa bunda la kipimo hicho likawa na kilo 12, umeuziwa geji 500, hata kama maandishi yanasema vingine. Wauzaji hawapendi mteja anayeomba mizani, lakini hilo lisikutie haya.

Wasomaji wengine huenda wakauliza kama nailoni si ilipigwa marufuku. Marufuku ya Agosti 2017 ilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa. Karatasi ya ujenzi si mfuko.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa udongo mweusi ndani ya msingi. Mawe hujazwa kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa, mpaka yafike unene wa kama sentimita 30. Juu yake hutandazwa vumbi la mawe kutoka machimboni, sentimita tano hivi, likashindiliwa na kusawazishwa mpaka ukipitisha mkono usiguse ncha yoyote. Hatua hii hudharauliwa kuliko zote. Jiwe moja lenye ncha kali likiachwa hapo litaitoboa nailoni mara tu mtu atakapoikanyaga. Dawa ya mchwa nayo hunyunyizwa wakati huu, chini ya nailoni. Anayeinyunyiza avae glavu na kufunika pua, na watoto wasikaribie mahali hapo.

Nailoni hutandazwa siku ile ile ya kumwaga zege, au jana yake jioni. Ikikaa juani siku nyingi huchakaa, na ikikaa usiku kucha bila mlinzi huenda usiikute. Palipo na kiungo, karatasi moja ipande juu ya nyingine kwa sentimita 30, na kiungo kifungwe kwa utepe wa gundi usioharibika kwa maji. Isivutwe ikakaza kama ngoma. Iachwe ilegee kidogo, kwa maana zege litaisukuma chini.

Kandokando ndipo makosa mengi hutokea. Nailoni isiishie inapokutana na ukuta. Ni lazima ipandishwe ukutani hadi ikutane na ile karatasi nyeusi ya lami inayolazwa juu ya mawe ya msingi, ambayo mafundi huiita DPC, na zipishane. Karatasi ya lami huzuia maji yasipande ukutani, nailoni huyazuia yasipande sakafuni. Zisipokutana, maji yatapita katikati yake, na utaona mstari wa unyevu ukizunguka chumba pale ukuta na sakafu vinapounganika. DPC yenyewe iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Wenye nyumba wengi hutimiza haya yote, halafu baada ya miaka miwili wanamwaga lori la udongo wa maua nje na kuifukia.

Kila bomba la maji au la choo linalopita sakafuni hutoboa karatasi. Ikatwe kwa alama ya msalaba, bomba lipite, kisha pafungwe kwa kipande kingine na utepe. Halafu linakuja zege, na hapa mwenye nyumba asiende kazini! Waya wa BRC huburutwa juu ya nailoni na ncha zake huichana. Ubebwe na watu wawili na kuwekwa juu ya vipande vidogo vya zege vya kuuinua. Wilbaro zipite juu ya mbao. Palipochanika pazibwe papo hapo, kwa kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 15 kila upande. Kama kamera ya simu unayo, piga picha kila upande kabla zege halijamwagwa. Mimi ningekuwa na picha hizo, mazungumzo yangu na yule msimamizi yangekuwa mafupi.

Nyumba zilizoinuliwa

Kuna nyumba za zamani, hasa zile za mbao na mabati zilizojengwa enzi za ukoloni katika miji ya reli, ambazo sakafu zake ni za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo za mawe. Chini yake kuna nafasi ambayo mtu anaweza kuingia akitambaa. Wajenzi wa wakati huo waliacha upepo upite, na ulipopita mbao zilidumu miaka mingi. Siku hizi wakazi wameziba matundu hayo kwa sababu ya panya, wezi au baridi, na udongo ulio chini, hata ukionekana mkavu, hutoa mvuke mchana na usiku. Mbao huoza na harufu ya uvundo hupanda vyumbani.

Hapa nailoni hutandazwa juu ya udongo mtupu kutoka ukuta hadi ukuta, ikapandishwa kwenye kuta na nguzo kwa sentimita kama 15, viungo vikapishana kwa sentimita 30, na mawe au mchanga ukawekwa kuishikilia. Kwanza ondoa mbao zilizooza na takataka zote. Matundu ya hewa yafunguliwe na kuwekewa wavu wa chuma wa kuzuia panya. Anayeingia humo avae barakoa na mikono mirefu, atumie tochi wala si mshumaa, na asiwe peke yake. Kama maji hutuama huko mvua inaponyesha, nailoni haitafaa kitu mpaka maji yatafutiwe njia ya kutoka.

Kama nyumba imekwisha kujengwa

Kwanza hakikisha maji yanatoka wapi. Yanayopanda kutoka ardhini huacha mstari ukutani, kwa kawaida chini ya mita moja, na mara nyingi chumvi nyeupe kama unga. Madoa yaliyo juu, kwenye kona za dari au nyuma ya kabati, aghalabu hutokana na mvuke wa kupikia, nguo zinazoanikwa ndani na madirisha yasiyofunguliwa. Doa linalotokea baada ya kila mvua huenda ni la paa.

Kwa sakafu kuna jaribio lisilogharimu kitu. Kata kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45, kikaze sakafuni kwa utepe pande zote nne, ukiache siku nzima. Ukikuta matone chini yake, au zege limekuwa jeusi, maji yanatoka ardhini. Matone yakiwa juu yake, ni unyevu wa hewa ya chumbani.

Dawa ya bei nafuu iko nje. Safisha mitaro, weka mifereji ya paa, ondoa udongo uliofunika DPC, na elekeza maji mbali na ukuta. Nyumba nyingi hupata nafuu kubwa kwa hayo tu. Yasipotosha, sakafu inaweza kutandazwa nailoni mpya juu ya ile ya zamani na kumwagiwa safu nyingine ya zege jembamba lisilopungua sentimita tano, ukikumbuka kwamba milango itahitaji kukatwa. Sisi tulifanya hivyo katika chumba cha watoto. Kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wenye unyevu si dawa. Maji hukosa pa kutokea na hupanda juu zaidi. Kutandika zulia la plastiki nako kunaficha tu, kuvu ikiendelea kumea chini yake.

Mpangaji hawezi kuvunja sakafu ya mwenyewe. Anachoweza ni kumwandikia mwenye nyumba na kubaki na nakala, kuinua magodoro kwenye kitanda au hata kwenye mbao, kusogeza vitanda na makabati mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, na kufungua madirisha ya pande mbili kila siku jua linapokuwapo. Kuvu isifagiliwe ikiwa kavu, kwani hutawanyika chumba kizima. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mtoto akiwa nje. Ukitumia jiki, usiichanganye kamwe na dawa ya choo au sabuni nyingine yenye asidi au amonia, kwa sababu hutoa hewa ya sumu.

Na tafadhali msikaushe nyumba kwa jiko la makaa. Wakati wa baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, watu hufunga madirisha na kuwasha makaa ndani ili ukuta ukauke na watoto wapate joto. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humuua mtu akiwa usingizini. Stovu ya mafuta taa nayo hutoa mvuke inapowaka, kwa hiyo huongeza unyevu ule ule unaojaribu kuuondoa.

Baada ya chanzo kuzibwa, subira inahitajika. Kanuni ya zamani ya wajenzi ni kwamba ukuta hukauka kwa karibu inchi moja kwa mwezi. Ukuta wa inchi tisa basi unaweza kuchukua miezi mingi, na katika muda huo usipakwe rangi ya mafuta. Chokaa au rangi ya maji hupitisha mvuke, na itatosha mpaka utakapogusa ukuta asubuhi ya siku ya mvua ukaukuta mkavu.